Sura ya Saba: Friji Iliyogoma Wiki ya Tatu

Friji iliyotumika haijulikani kwa dakika kumi za dukani. Muuzaji anachomeka plagi, taa ya ndani inawaka, kompresa inaunguruma, mnunuzi anaingiza kiganja na kuhisi ubaridi ukianza, na pesa zinatoka. Friji inayovuja gesi kidogo kidogo hufanya hayo yote bila kasoro. Ikijazwa gesi asubuhi ya kuuzwa, itagandisha siku hiyo na kesho yake, pengine wiki mbili, halafu siku moja mwenye nayo anafungua mlango na kukuta maziwa yamechachuka na barafu imekuwa maji. Kila anayefanya biashara ya friji na mashine za kufulia za mitumba, zile zinazoitwa ex-UK, analijua hilo. Muuzaji mwungwana hukwambia urudi kukitokea tatizo, na ukirudi hakukwepi. Sura hii inamhusu yule mwingine.

Tuchukue mfano tutakaokwenda nao hadi mwisho. Mama mmoja wa Kayole, Nairobi, ananunua friji ya mitumba ya nyumbani kwa shilingi 38,000. Anaambiwa imetoka Uingereza na haijawahi kufunguliwa na fundi. Wiki ya tatu inagoma. Anapiga simu, haipokewi. Anakwenda dukani, anaonyeshwa maandishi madogo chini ya risiti: mali ikishauzwa hairudishwi.

Wengi wetu tukifika hapo tuna njia mbili za mazoea. Ya kwanza ni kituo cha polisi. Malalamiko yanaandikwa kwenye OB, daftari la matukio la kituo, mlalamikaji anapewa namba, na mambo yanaishia hapo, kwa sababu friji mbovu peke yake si jinai. Ingekuwa jinai kama muuzaji amejipatia pesa kwa hila, na hila ni kazi kuithibitisha. Njia ya pili ni kununa, kumwita mnunuzi wa vyuma chakavu na kupokea chochote atakachotoa. Kwa miaka mingi wala sikuwalaumu waliochagua kununa. Wakili angemgharimu mtu zaidi ya friji yenyewe, na kesi katika mahakama ya kawaida ya hakimu ingeweza kumaliza miaka.

Hesabu hiyo imebadilika. Bunge la Kenya lilipitisha Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo mwaka 2016, ikiwa na ukomo wa shilingi 200,000. Ilikaa kabatini miaka kadhaa. Mwaka 2020 ukomo ulipandishwa hadi shilingi milioni 1, na Aprili 2021 mahakama ya kwanza ya aina hiyo ilifunguliwa Milimani, Nairobi. Nyingine zikafuata Mombasa, Kisumu, Nakuru, Eldoret na miji mingine. Anayesikiliza huitwa mwamuzi, na ni lazima awe wakili mwenye uzoefu wa angalau miaka 3. Kesi inatakiwa imalizike ndani ya siku 60 tangu ifunguliwe, na hukumu itolewe siku ileile ya kusikilizwa au isizidi siku 3 baadaye. Mahakama haifungwi kikamilifu na kanuni za ushahidi zinazowatesa watu kwingine. Kiswahili ni lugha rasmi kwa mujibu wa Katiba, kwa hiyo huna haja ya kukariri Kiingereza cha mahakamani usiku kucha.

Siku 60 ni nyingi au chache kutegemea unamuuliza nani. Ziko kesi zinazovuka, na majaji wa Mahakama Kuu wamewahi kutofautiana kuhusu hukumu iliyotolewa baada ya siku hizo: wengine wakiona haina nguvu, wengine wakikataa kumwadhibu mdai kwa uchelewaji usio wake. Wewe mdai fanya lililo lako. Usiombe kuahirisha, hata ikibidi kuacha msiba wa jirani.

Sasa tuje kwenye friji yenyewe, kwani hapa ndipo watu wengi wanaposhindwa. Mama wa Kayole akifika mbele ya mwamuzi na kusema tu kwamba friji imekufa, hajasema kitu. Friji zote zitakufa. Anachotakiwa kuonyesha ni kwamba ilikuwa mgonjwa siku aliyoinunua.

Sheria inayotawala jambo hili ni Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31 ya Sheria za Kenya, iliyonakiliwa karibu yote kutoka sheria ya Uingereza ya 1893. Kifungu cha 16 kinaanza kwa kumpendelea muuzaji: kwa kawaida hakuna ahadi yoyote ya ubora inayojiingiza yenyewe katika mauzo. Halafu kinataja hali ambazo kanuni hiyo inageuka. Ukimweleza mfanyabiashara kazi unayotaka kifaa kifanye, ukategemea ujuzi wake, na kifaa ni cha aina anayoiuza katika shughuli zake, basi sheria inamhesabu kuwa ameahidi kwamba kinafaa kazi hiyo. Na ukinunua kwa maelezo kutoka kwa mtu anayeuza bidhaa za aina hiyo, anahesabiwa ameahidi kwamba ni bidhaa inayouzika kihalali, yaani yenye hali ambayo mnunuzi mwenye akili timamu angeikubali. Ukiikagua mwenyewe kabla ya kulipa, huwezi baadaye kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi ule ulipaswa kuifichua. Mlango uliopinda ni juu yako. Gesi inayovuja polepole siyo, kwa sababu hakuna jicho linaloiona dukani.

Je, haya yanahusu kitu kilichotumika? Ndiyo, ila kwa kipimo chake. Mahakama za Uingereza zilijibu swali hilo kupitia magari mawili aina ya Jaguar, na maamuzi yao, ingawa hayazifungi mahakama za Kenya, bado hutumika kushawishi. Katika kesi ya Bartlett dhidi ya Sidney Marcus ya mwaka 1965, mnunuzi aliambiwa mapema kwamba klachi ina kasoro, akapunguziwa bei, kisha matengenezo yakawa ghali kuliko alivyotarajia. Alishindwa. Jaji Lord Denning alieleza kwamba gari lililotumika linatosheleza sheria likiwa linaweza kuendeshwa kwa usalama, hata kama si kamilifu, na mnunuzi wa kitu kikuukuu ajue kwamba kasoro zitajitokeza mapema au baadaye.

Miaka kumi hivi baadaye, katika kesi ya Crowther dhidi ya Shannon Motor Company, Jaguar nyingine, ya miaka 8, iliyokwisha kutembea zaidi ya maili 82,000, iliharibika injini wiki 3 tu baada ya kuuzwa. Mnunuzi alikuwa ameiendesha zaidi ya maili 2,000. Muuzaji akadai kwamba gari lililokwenda umbali huo lilikuwa zima lilipotoka kwake. Jaji yuleyule Denning na wenzake wakampa mnunuzi ushindi. Gari halikufaa kwa sababu lilitakiwa lidumu muda wa kuridhisha, na kule kuharibika upesi kulikuwa ushahidi kwamba injini ilikuwa mahututi tangu siku ya mauzo. Mama wa Kayole na friji yake ya wiki tatu wanasimama karibu zaidi na Jaguar ya pili. Lakini asijiamini kupita kiasi. Kama muuzaji alimwambia, "Hii inapoteza gesi kidogo, ndiyo maana nakupa kwa bei hii," anahamia kwenye ya kwanza.

Maandishi ya "mali ikishauzwa hairudishwi" hayapaswi kukutisha. Kwanza, ukipewa risiti baada ya kulipa, makubaliano yalikwisha kufungwa, na mtu hawezi kuongeza sharti jipya peke yake. Pili, Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012 inampa mtumiaji haki ambazo hazifutwi kwa kumsainisha karatasi ya kuziacha. Sheria hiyohiyo inakataza maelezo ya uongo kuhusu hali na historia ya bidhaa, kama lile la "haijawahi kufunguliwa". Na Ibara ya 46 ya Katiba ya 2010 inawapa watumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaoridhisha. Sishauri uanze na Katiba, lakini. Mwamuzi mwenye kesi nyingi siku hiyo anataka kuona risiti kabla ya kusikia ibara.

Ushahidi wenyewe unakusanywa nyumbani, wiki ileile friji inapogoma, na usifanye kosa la kumwita fundi wa mtaani aifungue usiku huohuo. Muuzaji akisikia imefunguliwa, ameshapata utetezi. Anza kwa kumwandikia ujumbe, wa WhatsApp au wa kawaida, ukitaja siku iliyogoma, dalili zake, na kwamba unaikataa mashine na unataka pesa zako, au unampa siku kadhaa aje kuiona. Kisha acha kuitumia. Anayeendelea kukaa na kitu kimya kwa muda mrefu huhesabiwa amekikubali, na akishakikubali haki ya kukirudisha inakwisha, anabaki na fidia tu. Sheria haikulazimishi kukodi pikapu kumrudishia muuzaji mzigo uliokataa, mradi umemjulisha.

Siku ulizompa zikipita, ndipo umwite fundi, tena fundi anayejua kuandika. Ukurasa mmoja unatosha: alichokuta, lini alikikuta, na kwa nini anaamini hakikuanza jana. Fundi mzuri wa friji husoma bomba la shaba kama daktari anavyosoma kovu. Ataona lehemu mpya pale gesi inapojaziwa, ataona mafuta yaliyoganda kwenye kiungo kinachovuja, ataona kompresa ambayo si ya modeli hiyo. Apige picha kabla hajagusa kitu, pamoja na picha ya kibandiko chenye namba ya mashine. Risiti nyingi za mitumba huandikwa "friji 1" bila zaidi, na muuzaji mjanja atakana kwamba hii ndiyo aliyokuuzia. Na fundi huyo awe tayari kufika au kusikilizwa kwa video. Barua bila mtu wa kuulizwa maswali huwa dhaifu.

Hebu sasa tumsikilize muuzaji, kwa sababu atakuja na hoja tatu na zote zina uzito wake. Atasema uliiwasha mara tu iliposhushwa. Friji iliyosafirishwa ikiwa imelala huhitaji saa kadhaa za kusimama ili mafuta ya kompresa yarudi mahali pake, na anayeharakisha anaweza kweli kuiua. Dawa yake ni shahidi au ujumbe wa siku ile unaoonyesha ulisubiri. Atasema umeme wa kwenu hupanda na kushuka. Hilo nalo linaua kompresa Nairobi kila siku, kwa hiyo kama ulikuwa na kifaa cha kulinda umeme, kile watu wanachokiita gadi, kipige picha kikiwa mahali pake. Lakini umeme mbovu huunguza kompresa au relei. Hautoboi bomba. Fundi wako akisema gesi imevuja kwenye kiungo chenye lehemu ya zamani, hoja ya umeme imekufa. Mwisho atasema fundi wako ndiye aliyeiharibu, na kwa hilo tumeshajikinga.

Kabla ya kufungua kesi, mjue unayemshtaki. Duka halina mwili. Jina la biashara lililoandikwa ukutani si mtu mbele ya sheria. Anayeshtakiwa ni mwenye biashara, au kampuni kama imesajiliwa. Kama jina limesajiliwa, mwenye nalo anaweza kutafutwa katika kumbukumbu za usajili wa biashara kupitia eCitizen. Na hapa M-Pesa inatufaa kuliko risiti: ujumbe wa malipo unaonyesha jina la aliyepokea, kiasi, tarehe na saa. Usiufute. Nimesikia wanunuzi wakijisifu kwamba walilipa taslimu ili kukwepa ada ya kutuma. Ada hiyo ni bima ya bei nafuu kuliko zote.

Kufungua kesi kwenyewe hakuna fumbo. Kuna fomu ya hati ya madai, inayojazwa kupitia mfumo wa mtandaoni wa Mahakama au kwa msaada wa masjala, na ada inalipwa kwa simu. Eleza kwa lugha ya kawaida: nani alimuuzia nani, nini, lini, kwa kiasi gani, kilichotokea, unachotaka. Omba bei ya friji, na hasara nyingine itaje moja moja. Kanuni inayorudiwa sana na mahakama za Kenya ni kwamba hasara mahususi lazima itajwe wazi na ithibitishwe kikamilifu. Nauli ya pikapu iwe na risiti. Nyama iliyooza iwe na risiti ya buchari. Ujira wa fundi vilevile. "Nimesumbuka sana" haina risiti, na kwa kawaida haina shilingi. Baada ya hapo mdaiwa afikishiwe hati kwa utaratibu, na aliyezipeleka aape kwamba amezipeleka. Mdaiwa akinyamaza, unaweza kuomba hukumu bila yeye, lakini hukumu ya namna hiyo huanguka upesi akija kuonyesha kwamba hati hazikumfikia.

Muuzaji anaweza kuja na wakili, kwani Kenya inawaruhusu, na hukaa humo kwa wingi. Uganda walichagua vingine: kanuni zao za madai madogo za 2011, zenye ukomo wa shilingi milioni 10 za Uganda, zinawafungia mawakili mlango, kila mtu anajisemea. Mimi naona Uganda waliona mbali. Mama mwenye friji mbovu akimkuta mbele yake mtu mwenye shahada ya sheria, ile mahakama "ndogo" inaanza kuonekana kubwa.

Lipo kundi moja la wanunuzi ambalo nitalivunja moyo. Ukinunua kwa mtu wa kawaida anayehama nyumba, aliyeweka tangazo la friji yake mtandaoni, ahadi zile za kifungu cha 16 hazikusaidii, kwa sababu yeye si mfanyabiashara wa friji. Umebaki na alichosema tu. Kama aliandika "inafanya kazi vizuri, haina tatizo" naye akijua inavuja, amekudanganya na unaweza kumdai. Kama aliandika "friji inauzwa, njoo uone", ukaenda ukaiona, umenunua mbuzi guniani.

Kushinda, nako, si kulipwa. Hukumu ni karatasi mpaka itekelezwe. Mdaiwa asipolipa, unaomba amri ya kukamata mali yake, dalali wa mahakama anakwenda kuiorodhesha, na mwenye mali anapewa siku 7 za kukomboa kabla haijabebwa kupigwa mnada. Dalali ana gharama zake, na mara nyingi wewe ndiwe wa kutanguliza. Ndiyo maana swali la kwanza, kabla hata ya kulipia fomu, ni huyu mtu ana nini. Mwenye duka lililojaa friji hushughulikiwa kirahisi, kwani siku dalali akianza kuorodhesha bidhaa zake mbele ya wateja, simu iliyokuwa haipokewi hupokewa. Aliyekukuta kwenye maegesho ya magari na namba yake sasa imezimwa, utashinda kesi na kubaki na nakala ya hukumu. Kwa huyo, mimi ningesamehe 38,000 zangu.

Rufaa ipo, kwenda Mahakama Kuu, lakini kwa hoja za sheria tu, na uamuzi wa huko ni wa mwisho. Kama mwamuzi amemwamini fundi wa muuzaji kuliko wako, hilo ni jambo la ukweli wa mambo na huwezi kulipeleka juu. Kwa hiyo siku yako ya kusikilizwa ndiyo siku yako, beba kila karatasi.

Na jambo la mwisho, ambalo mawakili hawalipendi. Kesi nyingi za namna hii humalizikia ukumbini, nje ya mlango, robo saa kabla ya kuitwa. Muuzaji anakuja na sauti ya upole anakuita dada, anasema atarudisha 30,000 achukue friji yake. Msikilize. Ukiona ni haki, kubali, lakini usiondoke kwa ahadi. Ingieni wote wawili, mwamuzi ayaandike makubaliano yenu kuwa amri ya mahakama, yenye kiasi na tarehe ya kulipa. Akikiuka, hutaanza kesi upya. Utakwenda moja kwa moja kuomba amri ya kukamata mali.